Mashine Iliyojua Kabla ya Mama Mkwe

Gisenyi, mwaka 1999, vuli imeanza

Dada yangu Eufrazia,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu na goti lako nalijua. Je, siku hizi linakufikisha kanisani, au bado Shemeji anakupakia kwenye baiskeli? Maharage mmeshapanda? Na Mama yetu, bado anakataa kulala kwenye kitanda tulichomnunulia, anasema kinamtupa? Mwambieni hakuna kitanda kinachotupa mtu, ni yeye anayelala pembeni kama mgeni.

Mimi huku ni mzima. Presha imetulia, cherehani inakwenda. Mabasi ya Kigali siku hizi yanapita bila askari mbele na nyuma, na watu wameanza tena kukaa barazani jioni, ingawa desturi ya kuulizana haijatutoka. Ukipita njiani unaulizwa unatoka wapi, unakwenda wapi, na wewe unajibu "huku tu," na aliyeuliza anaridhika, kwa sababu na yeye ukimuuliza atakujibu hivyo hivyo. Kazi ninayo ya kutosha. Najisifu kidogo, lakini ni kweli: msimu huu hakuna harusi mjini hapa ambayo mshono wangu haukuingia kanisani.

Utasema, mbona ulikaa kimya tangu Pasaka? Nilikatazwa kusema, Dada, na mimi unanijua, nikishika kalamu ninasema. Kwa hiyo sikuishika. Sasa nimeruhusiwa, na aliyeniruhusu ni Devotha mwenyewe. Amesema, "Mwandikie Mama mkubwa, yeye peke yake, na ukimaliza unisomee." Basi haya yote unayoyasoma yamepita kwake.

Devotha ana mimba. Ndiyo. Baada ya zile mbili zilizoharibika, hii imekaa. Imeshavuka pale tulipokuwa tunapaogopa, na sasa tunahesabu majuma.

Lakini sikuandikii kwa hilo tu. Ninakuandikia kwa sababu nusura mimba hiyo inikoseshe mwanangu, na aliyefanya hayo nilimtafuta mji mzima kabla ya kumpata.

Unakumbuka nilikuambia Devotha ni karani kwenye shirika la wazungu wanaochimba visima. Ana meza yake, ana ufunguo wa kabati, na anapiga kompyuta bila kutazama vidole. Anatazama ukuta, na herufi zinakuja zimenyooka. Mkurugenzi hasaini kitu kabla Devotha hajakipitia. Sasa ofisi yao ndiyo ya kwanza mtaani kwetu kuunganishwa na mtandao, ile Intaneti. Kompyuta moja inafungwa kwenye waya wa simu, inalia kama bati linalokokotwa barabarani, halafu inanyamaza, na ukishanyamaziwa hivyo unaweza kusoma mambo ya dunia nzima. Nilikwenda kuiona siku moja na nguo yangu ya Jumapili.

Mwezi wa nne Devotha alikuja kwangu, akaniondolea mguu kwenye pedali ya cherehani, akasema:

"Mama, nina jambo. Ila nakujua."

"Unanijua nini?"

"Nilipofaulu mtihani wa uhazili ulisimamisha basi."

"Sikulisimamisha. Lilikuwa limesimama lenyewe, nikaingia tu kuwaambia abiria."

Hakucheka. Akaniambia ana mimba, na mumewe Alphonse anajua, na mimi wa pili, na hakuna wa tatu. Hata mama mkwe wake kule Rugerero asijue. Huku, Dada, mimba haitangazwi, na mtu aliyepoteza mbili ndiyo kabisa, hata kivuli chake anakificha. Akanishika mikono yote miwili akaniapisha. Nikaapa. Na ninakuambia mbele ya Mungu kwamba nilikaa nalo. Nilikuwa nikikutana na watu naanza kuzungumza habari ya vifungo.

Haukupita muda mrefu dalili za siri kutoka zikaanza. Ofisini wakamvutia kiti chenye mto. Safari ya kwenda Kanzenze kukagua visima, kwenye ile barabara ya mawe, wakamwambia abaki. Dereva akaanza kumwita "mama." Devotha alikuwa akishangaa tu. Mwisho akaja mama mkwe kutoka Rugerero na chupa ya maziwa chini ya kitenge, akakaa, akasema, "Mwanangu, ninyi mnanificha mimi, na sokoni wanajua?"

Siku hiyo hiyo Devotha alikuja kwangu na hakukaa.

"Alphonse hasemi," akaniambia. "Alphonse hata chumvi ikipungua hasemi. Amebaki nani?"

"Devotha, mimi sikusema."

"Mama."

"Sikusema hata kwa Mama Sifa. Hata kwa padri sikusema, na alinisalimia vizuri."

"Basi imesemwa na nani? Imejisema?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Akasema, taratibu, bila kupandisha sauti, "Mtoto akizaliwa, nitakaa kwa mama mkwe. Wewe utakuja siku watakayokuja wageni."

Dada, ulinisikia? Nije na wageni. Mimi niliyemzaa nikae kwenye kiti cha mgeni nipewe uji, na mwingine amwogeshe mjukuu wangu. Kisa nini, kwa sababu nina sifa ya kujisifu. Ni kweli ninajisifu, lakini najisifu kwa mambo yaliyokwisha kutokea.

Nikasema, aliyefanya hivi nitamjua. Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Aliyenisalimia mapema nilijiuliza anataka nini, na aliyechelewa kunisalimia nilijiuliza ana nini moyoni. Wateja nikiwapima kiuno nilikuwa nawatazama machoni. Mwishoni macho yangu yakatua kwa Mama Sifa.

Mama Sifa ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Kwao ni Goma, anavuka mpaka kila asubuhi na kurudi na vitenge, na vitenge vyangu vyote ni yeye ananiletea. Yeye huona kila kitu. Nikakumbuka alimwona Devotha akitapika nyuma ya nyumba yangu, akasema tu, "Ni malaria?" Nikasema, ndiye huyo.

Nikaenda kwake jioni. Akafurahi, akanimiminia pombe ya ndizi. Sasa ujue, huku watu wanaogopana kwa vinywaji. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, na pombe ya kienyeji mwenye nyumba huionja kwanza ndipo akupe, uone hakuna kitu ndani. Mimi na Mama Sifa tuliyaacha hayo zamani, tunakunywa kama ndugu. Siku hiyo nikaichukua glasi yangu, nikaisukuma mbele yake.

"Ile kitu unafanya ni nini, Mama Devota?"

"Onja kwanza."

"Mi nionje?"

"Uonje."

Akaweka chini kibuyu. "We leo unaniona mimi mulozi. Miaka yote tunakunywa, leo ndiyo umeamuka na akili."

"Siri ya mwanangu imetoka, na mlango unaotazama wangu ni wako."

"Siri gani? Ile mimba?" Akacheka cheko baya. "Mama, ile mimba soko muzima inajua. Mi niliisikia kwa bibi ya Enosi, ule mutu wa radio pale kwenye kazi ya Devota, akiuzisha sambaza zake. Nikasema, bon, nanyamaza, Mama Devota ni mutu yangu, ataniambia yeye mwenyewe. Nikangoja. Haukuniambia. Nikajua basi mimi siko mutu kwako. Na bado nilinyamaza."

Akainywa glasi yangu yote, akainywa na yake, akainuka kufungua mlango. "Sasa nenda. Kama sikufi leo, kesho utakuja kusema sawasawa."

Nilitoka nikiwa mdogo kama sindano. Lakini nilikuwa nimepata njia. Asubuhi nikaenda kwa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hili, nikamkuta mke wa Enosi. Sikumzungusha. Nikamuuliza nani alimwambia habari ya Devotha. Akaapa kwamba yeye hakusema, aliuliza tu watu kama ni kweli. Na alisikia wapi? Kwa mumewe. Na mumewe? "Hakuambiwa na mtu, mama. Aliona kwenye kompyuta."

Nilimwona mwongo mkubwa. Nilijua mtu humsingizia mtu, lakini kusingizia mashine nilikuwa sijasikia. Nikafikiri, huyo Enosi anapekua makaratasi ya mwanangu, au anamfuatafuata. Nikajifunga kitenge vizuri nikaenda ofisini.

Devotha alikuwa ametoka kwenda posta. Enosi nilimkuta kwenye chumba cha radio, mtu mwembamba, mpole, aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda kama sisi tulivyorudi kutoka huko kwenu, vile vya kusikilizia vinaning'inia shingoni. Nikamwambia nimekuja kuonyeshwa alikoona tumbo la mwanangu.

Akainamisha kichwa. "Mama, sikutafuta. Njoo uone."

Akanikalisha mbele ya ile kompyuta. Akasema yeye hupenda kusoma gazeti la Kampala saa ya chakula. Anaandika herufi ya kwanza ya anwani, na mashine inammalizia yenyewe, inamwandikia mahali ambapo mtu mwingine aliyeikalia alikwenda kabla yake. Siku moja ilimmalizia vibaya, naye akabonyeza bila kutazama. Akaandika ile herufi mbele yangu, mashine ikajazia. Tukangoja. Picha ikashuka polepole kutoka juu kama pazia: kichwa cha mtoto, mabega, halafu nepi. Na juu yake maneno ya Kiingereza.

"Yanasemaje?"

"Yanasema, 'Karibu tena. Wiki hii mtoto wako ameanza kusikia sauti.'"

Dada, mimi bibi yake sikujua hilo. Nilikuwa nimekatazwa hata kuuliza. Na kitu hiki, kilichowekwa na mtu nisiyemjua, kwenye nchi nisiyoijua, kilikuwa kinaijua wiki ya mjukuu wangu na kumwambia kila aliyekaa kwenye kiti.

"Imejuaje?"

"Kuna alama ambayo ukurasa unaiacha ndani ya mashine unapoufungua," Enosi akasema. "Wazungu wanaiita biskuti."

"Biskuti?"

"Jina tu, mama. Ukirudi kesho, ukurasa unaitafuta ile biskuti yake. Ukiikuta, unajua ni yule wa jana, unaendelea naye pale mlipoishia. Sasa mashine yetu ni moja. Ukurasa haujui kama aliyekaa ni Devotha au mimi. Unamsalimia yeyote. Na wanaoikalia hapa ni watatu, mkurugenzi, mimi na Devotha. Mkurugenzi hawezi kubeba mimba."

"Na biskuti ndiyo iliyokutuma ukamwambie mkeo?"

Akavishika vile vya kusikilizia shingoni. "Nilimwambia mke wangu tu."

"Kila mtu alimwambia mmoja tu, Enosi. Ndivyo soko lilivyojaa."

Hapo nikasikia viatu. Devotha alikuwa mlangoni na barua za posta mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama Enosi, halafu akakiona kioo cha kompyuta, yule mtoto na nepi yake. Barua akaziweka mezani moja moja, kama vile zilikuwa mayai. Nikajua kwamba ameelewa kabla hatujasema.

Enosi akatoka nje bila kuambiwa.

"Uliiambia tarehe zako?" nikamuuliza.

"Iliuliza, Mama."

"Mimi ulinilisha kiapo. Hii uliilisha kiapo gani?"

Akakaa. Alisema kwa sauti ya mtoto, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa bado huko kwenu. "Nilitaka kujua kama wale wawili ni mimi niliyekosea. Kama ni kubeba maji, au kupanda gari, au nilikula kitu. Nisingeweza kukuuliza wewe, ungelia. Daktari anauliza mbele ya watu. Nikaona hii nitaiuliza, haina mdomo."

Dada, maneno yote niliyokuja nayo, na unajua nilikuwa nimeyapanga njiani kwa ustadi, yaliniishia. Kwa hiyo nilimuuliza tu ilimjibu nini.

"Ilisema mara nyingi si kosa la mtu."

Nikasema, basi katika hilo haikudanganya.

Tukamwita Enosi. Akatuonyesha mahali pa kufuta orodha ya kurasa zilizofunguliwa, na mahali pa kufuta zile biskuti, na pa kuiamuru mashine iulize kwanza kabla ya kupokea nyingine. Devotha alifanya mwenyewe, kwa mkono wake, haraka kuliko Enosi alivyokuwa anaeleza. Lazima nikuambie hilo. Halafu akaandika ile anwani tena. Ukurasa ukaja ukauliza upya, wewe ni nani, unategemea lini, kana kwamba haujawahi kutuona.

"Mnafiki huyo," nikasema. "Na kule kwao? Kule walikoandika tarehe zake, nako tumefuta?"

Enosi akajikuna shingo. "Kule hatufiki, mama. Tumefuta kwetu tu. Kama kule waliandika, wameandika."

"Kwa hiyo yupo mtu anayejua."

"Labda si mtu. Labda ni mashine nyingine kubwa tu."

"Mashine ina mwenyewe."

Mpaka leo hilo sijajibiwa. Nikilala ninamfikiria huyo mwenye mashine. Anataka nini na tumbo la mtoto wa watu wa Gisenyi? Devotha anasema wanauza nepi, wanataka kujua nani atazihitaji na lini. Sawa. Lakini muuza nepi wa kwetu hungoja mtoto azaliwe, mtu aende dukani aombe. Huyu alikuwa amekaa chini ya kitanda. Mimi simwamini, hata akinipa nepi za bure, na za bure ndizo nisizoziamini zaidi.

Siku hizi Devotha ana masharti yake. Habari ya mwili haisomi kwenye mashine ya kazini. Ukurasa ukimuuliza jina, haandiki; ukimuuliza anaishi wapi, anaujibu kama tunavyojibu njiani, huku tu. Usipokubali jibu hilo anaufunga anaondoka. Akimaliza kusoma anafagia alikopita, ndipo anainuka. Mkurugenzi aliposikia, kwa sababu kumbe na yeye alikuwa na mambo yake humo, alimwomba Devotha aifundishe ofisi nzima. Akasimama mbele yao na tumbo lake, akawafundisha wanaume wenye digrii. Sikuwepo. Nilipita tu karibu na dirisha, kwa bahati, na nilikuwa nimevaa vizuri.

Nawe mwambie mwanao Gasto huko Dar es Salaam, kama anaingia kwenye zile nyumba za kompyuta za kukodi, aangalie sana. Kiti anachokaa yeye, mwingine atakikalia akitoka, na mashine haioni aibu kuendelea na maongezi. Asiiambie kitu ambacho hawezi kumwambia konda wa basi. Na kama kuna msichana anamchumbia huko, nisikie kwake, nisiisikie kwa biskuti.

Tulirudi nyumbani pamoja siku ile, mimi na Devotha, kwa miguu kando ya ziwa, polepole kwa ajili ya pumzi yake. Hakuniomba radhi, na mimi sikumtaka aniombe. Tulipofika kwenye kona ya kwangu akauliza, akitazama mbele, "Lile beseni la kuogeshea, lile la bluu, bado unalo?" Nikasema ninalo. Akasema, "Usimpe mtu." Basi tukaachana hapo, nikaingia ndani nikalisugua beseni mpaka giza.

Mama Sifa alichukua muda zaidi. Nilikwenda kusema sawasawa, kama alivyoniamuru, nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Donc uliamini mashine mbele ya kuniamini mimi." Nikamwambia sikuiamini mashine, ndiyo maana nilikwenda kuitazama. Amenisamehe, lakini ananitoza. Kila asubuhi akipita na mzigo kichwani anaita kwa sauti barabara nzima isikie, "Mama Devota, niko naenda Goma kuleta sumu, nikuletee ya rangi gani?" Mimi ninamwambia alete ya maua, watu wa harusi wanaipenda.

Kila kitu nimekuandikia. Bahasha hii sikuigundisha kwa gundi. Nimeishona kwa uzi mweusi, mshono wa mkono. Ikifika imefumuliwa, uniambie, nitajua ni nani katika walioibeba.

Nisalimie Shemeji Deogratias, mwenye kwaya yake, na mwambie apumzishe ile baiskeli. Nisalimie Shangazi Skola anayeuza mafuta ya taa, ila habari hii usimpe, yeye mpe salamu peke yake. Nisalimie kaka yetu Petro wa ng'ombe, na Mama, umbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu.

Jambo la mwisho. Huku mtoto hupewa jina siku ya nane, na kabla ya hapo halitajwi, hata mama mkwe halijui. Jana Devotha alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akafunga mlango wangu mwenyewe, akaniambia jina walilochagua yeye na Alphonse. Sikumwomba aniambie, wala hakuniapisha. Aliniambia tu, halafu akadai uji.

Ni jina zuri, Dada. Na wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na barua nimeishona. Jina sikuandikii.

Mdogo wako,
Verediana, mama yake Devotha